Masale ya Manka

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza swali lile lile: mlienda vizuri? Nimejibu "vizuri" mpaka neno lenyewe limenichosha. Ninyi wa kikundi cha akina mama mmeniuliza tena na tena, kwa sababu mmeniona usoni. Basi nimeamua kuandika niwape wote kwa mpigo mmoja. Asiyetaka habari chungu aishie hapa, sitamlaumu.

Kwa wale mliohamia karibuni, mimi na mume wangu, Mchungaji Elinami, tulitumwa na kanisa kwenda kuhudumu magharibi ya Kenya. Mwaka wa kwanza tuliishi Kitale, minne iliyofuata tukaishi Bungoma, vilimani juu ya Sirisia. Tulikwenda na binti yetu Manka akiwa bado ananyonya. Alifariki huko kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka mitatu, na huko ndiko alikozikwa, kwenye shamba la Mzee Wekesa, aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Mzee Wekesa naye alifariki mwaka jana. Mwaka huu wanawe wakatualika kwenye kumbukumbu yake, na hiyo ndiyo safari mnayoniuliza. Mambo ya vibali na tiketi nayaruka.

Himo hadi Taveta

Niliondoka nyumbani na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa wa nguo. Wa pili ulikuwa gunia la masale yenye majani marefu, niliyoyang'oa na mizizi yake nyuma ya nyumba ya mama mkwe na kuyafungia kwenye gunia lililoloweshwa maji. Mnajua wenyewe, kaburi la kwetu bila masale halijakamilika. Tulipomzika Manka sikuwa nayo hata jani moja. Nilijiahidi kwamba siku nitakayorudi nitampandia mwenyewe, nimzungushie pande zote, alale kama watoto wa kwetu wanavyolala.

Elinami aliliangalia lile gunia pale kituoni Himo akasema, "Mama Manka, si tungempelekea maua tu?"

Nikamwambia maua apelekewe bibi harusi. Akakubali. Mume wangu ni mpole, mnamsifu wote kwa hilo, na mimi nilimsifu miaka mingi kuliko ninyi.

Nataka mjue jambo moja kabla hatujavuka mpaka. Siku Manka alipofariki mimi nilitaka turudi naye nyumbani. Nilikuwa nimekaa sakafuni, akina mama wa kanisa wamenizunguka, nikasikia sauti ya mume wangu uani akiwaambia wazee, "Tulikuja kuishi nanyi, na mtoto wetu atalala kwenu." Watu wakalia kwa sauti, wakamkumbatia. Huku nyumbani nako habari hiyo ilisomwa kwenye mkutano wa kanisa, wakapiga makofi. Mimi hakuna aliyeniuliza. Tuliporudi, mama mkwe aliniambia, "Umemwacha kwa watu," akaingia ndani akafunga mlango. Hakumwambia mwanawe. Aliniambia mimi.

Mpakani, afisa wa upande wa Kenya alilifungua gunia akachomoa jani moja.

"Hii ni nini, mathe?"

"Masale."

"Ya kukula?"

"Ya kaburini. Kwa mtoto wangu."

Alilirudisha lile jani taratibu, akafunga gunia mwenyewe, tena akalifunga vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. "Pita, mama. Pole sana." Nimeandika hilo kwa sababu katika safari yote wema wa namna ile sikuuona mara nyingi.

Nairobi hadi Kitale

Tulilala Nairobi kwa rafiki, asubuhi tukapanda basi la Kitale. Hadi Nakuru mambo yalikuwa shwari. Tulipopanda kule juu Timboroa tukakuta lori la mahindi limeanguka barabarani, magunia yamepasuka, na msururu wa magari hauonekani mwisho. Baridi ya Timboroa mimi naijua, lakini siku ile ilikuwa na mvua ya manyunyu inayoingia hadi kwenye mifupa. Mume wangu akashuka kwenda kusaidia watu kuokota mahindi. Akarudi saa mbili baadaye ameloa, anatabasamu, ananiambia dereva wa lori ni Mkristo mwenzetu. Nikamwambia avue soksi.

Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja mnene mchangamfu, jina lake Mama Chebet, anayeuza vitunguu Suam, kule mpakani na Uganda. Alinunua viazi vya kuchemsha dirishani, akanimenyea bila kuniuliza kama nina njaa. Gunia langu lilikuwa miguuni, majani yamechungulia.

"Si hii ni ile ya boda?" akauliza.

"Ya boda gani?"

"Ya shamba, bana. Huko kwetu ukipanda hii umesema shamba yangu imeisha hapa. Watu wakipigana, chifu akikuja, ya kwanza kuangalia ni hii. Wewe unapelekea nani?"

"Mtoto wangu."

"Ako na shamba huku?"

"Ana kaburi. Sirisia."

Aliacha kutafuna. Akanishika goti. "Woi, pole. Lakini ulizeni wenyewe kwanza. Si ati nakutisha. Hiyo mmea itawaletea maneno."

Nilimjibu kwamba sihitaji ruhusa ya mtu kupamba kaburi la mwanangu. Nililisema kwa hasira kidogo, na yeye hakuwa amenikosea. Akanipa kiazi kingine. Barabara ilipofunguka, tukaendelea hadi Eldoret.

Kitale

Kitale tulipokelewa na Mama Njeri, jirani yetu wa mwaka ule wa kwanza. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani, wakanunua shamba Trans-Nzoia, naye amezaliwa hapo hapo, ingawa kila uchaguzi ukikaribia watu humuuliza kwao ni wapi. Alitupikia mukimo wa viazi, na nyama, na chai nzito ya maziwa ambayo Elinami aliililia tangu tulipoondoka.

Tulicheka kidogo. Mama Njeri alimkumbusha Elinami siku tulipofika Kitale mara ya kwanza. Watu wa mtaa waliambiwa wamishonari wanakuja, wakafagia kanisa, wakapanga viti vya mbele. Tukashuka sisi, weusi kama wao, na mtoto mgongoni na ndoo mbili. Wakatupokea vizuri, wakatulisha, kisha mzee mmoja akauliza kwa adabu, "Na wazungu wanafika saa ngapi?" Ilituchukua miezi kuwaaminisha kwamba hakuna anayefuata nyuma yetu. Wengine walihama kanisa walipohakikisha.

Baada ya chakula Elinami alitoka kwenda kusalimia majirani. Mama Njeri akasogeza kiti.

"Mama Manka, unajua hii kumbukumbu ni ya nini?"

"Ya kumkumbuka Mzee Wekesa."

"Eeh, na kugawa. Vijana wake wanagawana shamba wiki hii. Si utani. Huyo mkubwa, Simiyu, babake mdogo alinyang'anywa ekari mbili huko mlimani. Mtu alikuja akasema nyanya yangu amezikwa hapa, akaonyesha kaburi, na korti ikamsikiliza. Tangu hapo Simiyu akiona kaburi ya mgeni hapati usingizi."

"Mahali pa kaburi la Manka tulipewa na Mzee Wekesa mwenyewe."

"Najua. Na ameenda. Sasa mwambie Pasta akiulizwa kitu huko, ajibu kile ameulizwa. Asianze kuhubiri."

Nilimfikishia Elinami maneno hayo kabla hatujalala. Akasema Mama Njeri ana roho nzuri, lakini watu wa Kitale wana woga wa mashamba, na sisi hatukwenda Kenya kutafuta shamba. Akaomba, akalala.

Kitale hadi Sirisia

Tulikodi gari dogo kupitia Kimilili na Chwele. Dereva alikuwa kijana anayeimba njia nzima, na alijua kila shimo kwa jina la mtu aliyevunja gari hapo. Baada ya Chwele mvua ikatukuta, na kwenye mteremko wa mwisho gari likazama kwenye tope hadi tumboni. Tulitembea, viatu mkononi, Elinami kabeba nguo na mimi nimebeba gunia langu kichwani. Akina mama waliokuwa wakipalilia maharage wakatutambua. "Mama Pasta! Umerudi? Umenona!" Nikacheka. Kwa muda ule mfupi nilisahau kila kitu nikawa nyumbani, na hilo nalo linaniuma.

Mjane wa Mzee Wekesa, ambaye sote tulimwita Mayi, yaani mama kwa lugha yao, alitukumbatia uani hadi nikasikia mbavu. Alikuwa amepungua. Ugali wa wimbi ulikuwa tayari, na mrenda, na kuku mzima. Firigisi ikawekwa kwenye sahani ya Elinami, kwa sababu firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Miaka ya kwanza nilikuwa nikimtania, naye alikuwa akinikatia nusu kwa siri. Safari hii aliila yote.

Nilipomaliza kunawa nikaomba jembe. Mayi akanipeleka mwenyewe. Kaburi liko juu ya shamba, mahali ambapo hewa ikiwa safi unaona Mlima Elgon wote. Msalaba wa mbao ulikuwa umeinama na nyasi zimefika magotini. Nililia, Mayi akalia nami, kisha tukafyeka. Niliyapanda masale yote, nikayazungusha, nikaacha hatua mbili kila upande ili yakikua yasibanane. Mama Chebet alinijia akilini mara moja. Nikamfukuza.

Nilipoinuka nikamwona Simiyu amesimama kwenye mahindi. Alikuwa kijana mnyenyekevu tulipokuwa hapo, alinibebea maji wakati wa msiba.

"Karibu, Mama Pasta. Naona unapanda."

"Nampandia mwanangu."

"Na kwa nini umetoka mbali hivyo na kaburi?"

"Ni desturi yetu."

"Desturi ya wapi?"

"Ya kwetu Marangu."

"Lakini hapa si Marangu," akasema, kwa upole kabisa, akaondoka.

Jioni nikamwona na Elinami wamesimama karibu na zizi, wanazungumza kwa muda mrefu. Elinami aliporudi alisema, "Vijana wana wasiwasi na ile mimea yako. Kesho nitawatuliza." Nilimuuliza atawatulizaje. Akasema Bwana atampa maneno.

Siku ya kumbukumbu

Mahema yalikuwa matatu na watu walijaa hadi barabarani. Kwaya tuliyoianzisha sisi iliimba, na mchungaji wa sasa, kijana wa huko huko, alihubiri vizuri. Elinami akafungua kwa sala. Pilau ililiwa, soda zikagawiwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kule kwao kumbukumbu ya mzee si ibada tu. Kabla mali haijagawanywa, kila anayejua kwamba marehemu alimwahidi kitu, ng'ombe, njia ya kwenda mtoni, kipande cha ardhi, husimama mbele ya watu wote na kusema. Wenye nyumba wakikubali, imekuwa. Asiyesema siku ile hasikilizwi tena maisha yake yote. Tumeishi nao. Tumehudhuria kumbukumbu nyingi, na mume wangu ameombea nyingi kati ya hizo. Hawezi kusema hakujua.

Aliyesimamia alikuwa Mzee Makokha, ndugu wa ukoo, mtu mfupi mwenye koti kubwa na kipaza sauti kinachokwaruza.

"Watu yangu," akasema, "mmekula, mmekunywa. Sasa ni kazi. Mwenye ako na neno na huyu marehemu, asimame. Kama ni ng'ombe, sema. Kama ni shamba, sema. Rakini kesho tukiweka mawe ya mpaka, mtu asikuje hapa na mdomo."

Mwanamume mmoja akasimama akadai ndama, akakubaliwa. Mwanamke akataja njia ya kisimani, wakabishana, akakubaliwa. Nikamgusa Elinami. Nikamnong'oneza, "Sema mzee alitupa pale alipo Manka. Sema hivyo tu, ukae." Mayi alikuwa upande wa pili anamtazama. Alikuwepo siku mzee alipotupa mahali pale. Yeye ndiye angekuwa shahidi wetu.

Elinami akasimama. Watu wakapiga makofi kabla hajafungua mdomo, maana wanampenda.

Akasema Mzee Wekesa alikuwa baba kwake. Akasema alipofika hana kitu mzee alimpa chakula, alipofiwa mzee alimpa bega. Kisha akainua mikono yote miwili na kusema, "Mimi na nyumba yangu hatumdai Mzee Wekesa kitu chochote. Hatuna neno juu ya shamba hili. Tulikuja mikono mitupu, na mikono mitupu tunaondoka, tukiwa na upendo wenu tu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Makokha akampa mkono. "Pasta amesema vizuri sana. Mmesikia? Nyumba ya Pasta haina neno."

Nilimtazama Mayi. Alikuwa ameinamisha uso, anakunja leso yake. Mimi nilibaki kitini. Ningesimama, najua mtasema hivyo, na nimejiuliza mwenyewe. Lakini nilikuwa sijaamini kwamba masikio yangu yamesikia kweli.

Jioni Simiyu akaja na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Akamshika Elinami mkono kwa mikono yake miwili. "Pasta, asante. Umetusaidia. Tulikuwa tunaogopa kukuuliza." Elinami akampokea yule jogoo akisema ni baraka. Nilimuuliza mume wangu kama anajua amelipwa kwa nini. Akaniambia nina uchungu, na kwamba nimpe muda Roho Mtakatifu afanye kazi.

Asubuhi iliyofuata

Niliamshwa na sauti ya mtu akiswaga ng'ombe. Nikatoka na kanga. Ng'ombe wanne wa plau walikuwa wamefungwa nira, wamesimama juu ya shamba, na Simiyu amesimama kati yao na masale yangu.

Alinisubiri nifike. Hilo nampa haki yake, hakuanza bila mimi.

"Mama, mtoto hatumgusi," akasema. "Alale. Mimi mwenyewe nilichimba hiyo kaburi. Lakini hapa imeangukia kwa sehemu yangu, nataka kujenga hapo chini. Siwezi weka msalaba na mimea ya mpaka kwa shamba yangu. Nikikufa, mtu wa Tanzania atakuja aseme hapa ni kwao, na watoto wangu watasema nini?"

"Nani atakuja, Simiyu? Mimi?"

"Si wewe. Mwenye sijui. Babangu mdogo pia hakujua."

Nilimwambia babake alitupa mahali pale mbele ya mama yake. Akasema, "Jana mliulizwa."

Watu walianza kukusanyika. Mzee Makokha akafika na koti lake. Nikamwambia waziwazi, mbele ya wote, "Mimi nina neno. Ninadai mahali alipo mwanangu. Si shamba, si njia, si mti. Urefu wake tu."

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mama, pole. Nyumba inaongea mara moja. Bwana yako alisema 'mimi na nyumba yangu,' na watu walisikia. Rakini sisi si watu wabaya." Akamgeukia Elinami, aliyekuwa amefika amevaa ndala. "Pasta. Kama unarudisha neno lako, rudisha sasa. Tutaita watu tena, tukae chini, Mayi aseme vile aliona. Inaweza kuwa. Unarudisha?"

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Simiyu alikuwa ameshika fimbo, na nawaambia ukweli, uso wake ulionyesha kwamba kama Elinami angesema ndiyo angekubali. Mayi alikuwa ameshasogea mbele, tayari kusema. Ilihitajika neno moja tu kutoka kwa mwanamume mmoja.

Elinami alimtazama yule mchungaji kijana. Akawatazama watu wake. Najua alichokiona, namjua kama ninavyojua sahani zangu: aliona kanisa linagawanyika, aliona wanasema Pasta aligeuka kwa ajili ya shamba, aliona jina lake zuri linachafuka pale alipolijenga. Hakuniangalia mimi.

"Nimeshasema," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mimbarini, "Manka hayupo hapa. Roho yake iko kwa Bwana."

Nilichukua jembe. Sikutaka plau iyang'oe, basi niliyang'oa mwenyewe, shina moja baada ya jingine, mizizi bado ina udongo wa Marangu, nikayarudisha guniani. Hakuna aliyethubutu kunisaidia isipokuwa Mayi, aliyeung'oa msalaba akauegemeza begani kama mtu anayebeba kuni. Tulishuka pamoja hadi jikoni kwake.

Akaniwekea maji ya kunawa. "Mama Manka, mimi nitakuwa nikiangalia pale," akasema. "Nikienda kuchuma mboga nitapita. Najua mahali."

"Na ukiondoka wewe, Mayi?"

Hakunidanganya. Akanipa kitambaa nijifute. Baadaye akaligusa lile gunia kwa mguu. "Hiyo mimea utarudi nayo?"

"Ya nini tena."

"Basi niachie. Nimewekewa kipande kidogo hapa nyuma ya jikoni, na nimeona jana wanapima hadi ndani ya hicho kipande changu. Nitapanda kwa mpaka wangu. Hawa watoto pia wanaogopa hii mimea."

Nikampa yote. Nilimsaidia kuyapanda. Masale ya mwanangu sasa yanalinda kabichi za mjane asinyang'anywe na wanawe wa kuzaa. Tukiwa tumeinama pale tukasikia plau ikianza juu, na Mayi akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili nisisikie. Nilisikia.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Kitale Mama Njeri alinitazama mara moja tu akanipikia uji, hakuuliza. Timboroa hakukuwa na lori. Nairobi sikula. Watu njiani walimuuliza Elinami tumetoka wapi, naye akawaeleza kuhusu ile kwaya, na kuhusu ukarimu wa watu wa Bungoma, na kwa kweli hakudanganya hata neno moja.

Tulikuwa tumeshapita Voi, jua kali, Tsavo nyekundu pande zote mbili, ndipo akafunga Biblia yake.

"Mama Manka, utaninunia mpaka lini?"

Nikajifunga kanga upya.

"Wewe niambie. Ningesema nini pale? Mimi ni mtumishi. Ningegombania shamba la watu walionipokea? Wangesema tulikuja kuhubiri kumbe tulikuja kutafuta ardhi. Niambie basi, ningesema nini?"

"Hukuulizwa kuhusu shamba," nikamwambia. "Uliulizwa kama una neno. Ungesema una mtoto pale."

Akaiweka Biblia magotini. Akageukia dirishani. Taveta tukavuka, Himo tukashuka, akabeba mizigo yote yeye mwenyewe, na mimi nikamwacha abebe.

Sasa mmejua. Mkija nyumbani mtatukuta tunazungumza mambo ya ndizi na ya ng'ombe, kama kawaida. Akiniuliza chai iko wapi, namwambia iko mezani.